Habari za Nyumbani

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimechapa barua tisa. Utepe wa mashine umechakaa, herufi zatoka kijivu. Chini ya dirisha malori ya Makupa yapiga honi tangu asubuhi, mtu hajisikii. Ungedhani ningenyamaza.

Nilimwomba bwana mkubwa ruhusa ya saa moja kesho, nimpeleke mama akafungwe kidonda. Ruhusa kaitoa pale pale. Mimi nikaendelea. Kilivyoanza, kinavyotoa maji, kinavyonuka joto likizidi. Aliweka kikombe chake cha chai chini, hakukigusa tena. Najichukia.

Rehema, anayepokea simu, hutuamkia kila siku: habari za nyumbani? Wote humjibu njema. Hata Karisa wa stoo, siku aliyofiwa na mjomba wake, alijibu njema kwanza, ndipo akasema ana msiba. Mimi peke yangu hudhani naulizwa kweli.

Jumatano, 5 Juni

Zuhura ameposwa! Mdogo wangu, miaka thelathini na moja. Wazee wawili walikuja alasiri, ami Salim akawapokea. Mume ni Abdalla, seremala wa Kibokoni, mitaa miwili tu kutoka kwetu. Wamepewa jibu la ada: tupeni siku kumi na nne tuulizane.

Mpaka hapo, kimya. Posa ikivuja kisha isifike, mwanamke ndiye anayebaki kusemwa. Zuhura alikwisha kuachwa na mchumba mmoja, miaka sita iliyopita, na mji mzima ukamjadili. Mara ya pili hataiweza.

Mama alisema, "Neno hili lisipite mlangoni." Tulikuwa watu wanne. Alinitazama mimi tu.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbili sijasema. Kazini nimekula mahamri yangu peke yangu mbele ya mashine, nisikae na Rehema.

Jioni nilikuwa nikikuna nazi, Zuhura akichagua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Simpendi wala simchukii, dada. Nimechoka kuhesabiwa miaka." Nadhani atakubali. Nilifurahi kufunguliwa moyo, kisha nikaogopa. Mbona aniambie mimi?

Jumatatu, 10 Juni

Nimesema.

Rehema alikuwa akilia saa ya chai. Binti yake ameachwa, yuko nyumbani na watoto. Nilitaka kumliwaza. Mtu akinionyesha kidonda chake, nami hufunua changu, ndivyo nilivyo. Leo nimefunua cha Zuhura. Posa, jina la Abdalla, na yale maneno ya jikoni, yote. Rehema akafuta machozi, akaapa hasemi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mama amenisomea hiyo tangu nina meno ya utoto. Sijala chakula cha mchana.

Alhamisi, 13 Juni

Kila hodi yanishtua. Leo hodi ilikuwa ya ami Salim, uso umekunjamana. Upande wa mume wamesikia Zuhura hampendi kijana wao, amechoka tu. Wauliza waendelee au warudi nyuma.

Amechoka tu. Maneno ya jikoni kwetu, yameenda kazini Makupa yakarudi Kibokoni kwa siku tatu.

Mama aliuliza ni nani aliyesema. Nilikuwa nikiosha vyombo. Nikanyamaza. Umri wangu wote naombwa ninyamaze, nimekwenda kuchagua leo. Mama akamshuku jirani. Zuhura hakumshuku jirani. Alinitoa kikombe mkononi, akamaliza kukiosha mwenyewe.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemuuliza Rehema. Alimwambia wifi yake tu. Wifi yake ni jirani wa mamake Abdalla. Nilitaka kumfokea, nikakumbuka kuwa nami nilimwambia Rehema tu.

Alasiri nikawakalisha mama na Zuhura. Sikuwaeleza kilio cha Rehema wala binti yake. Hayo si yangu. Nilisema ni mimi niliyesema, basi. Mama alilia. Zuhura aliingia chumbani akafunga mlango.

Abdalla akirudi nyuma, Zuhura ataitwa aliyeachwa mara mbili. Mwachishaji ni mimi, si mume. Naona haya hata kuandika.

Jumanne, 18 Juni

Siku nne Zuhura hajanisemesha. Hunipa chumvi akitazama ukuta. Mume mwingine aweza kupatikana. Mdogo wangu mwingine sina.

Rehema kaniuliza habari za nyumbani. Nikasema njema. Akangoja. Ananijua, akangoja! Nikavuta karatasi nikachapa tarehe mara tatu.

Ami Salim kaleta ujumbe. Abdalla hajarudi nyuma. Kesho siku kumi na nne zatimia, atakuja na wazee wake, lakini ataka neno la Zuhura mwenyewe, si la watu. Zuhura kasikia, akarudi jikoni. Nimeshika tama mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 19 Juni

Asubuhi nilikuwa jikoni nachemsha maziwa. Zuhura akaja akasimama karibu nami, karibu sana, kama zamani tulipokuwa tukilala kitanda kimoja. Akaniambia jibu atakalotoa leo. Mama hajui. Ami hajui.

Kisha akasema, "Haya, enda kazini."

Nimetembea njia nzima nimeshika ushungi mdomoni.

Rehema: habari za nyumbani? Njema. Zuhura je? Hajambo. Nikachapa barua saba. Utepe mpya umeletwa, herufi nyeusi tii.

Sasa ni saa saba, wenzangu wamekwenda kula. Wazee watafika saa kumi. Jibu ninalo, na kalamu ninayo mkononi. Hapa pia siliandiki.