Koti Lako Kwenye Kiti

Baba,

Niliolewa na hukuwepo. Nimeolewa na Kibet, yule wa Rongai aliyekuwa akikusaidia kupakia mahindi, kisha anasahau kofia makusudi ili apate sababu ya kurudi. Nampenda mpaka naona haya. Asubuhi ananiletea chai kitandani na kuniita "mke wangu" polepole, kama mtu anayejaribu viatu vipya. Ningetaka barua hii iwe ya hayo tu.

Harusini tulikuwekea kiti mbele, kando ya Mama, tukakitundikia koti lako la kijivu, lile ulilovaa ukizunguka kuomba kura za wadi. Ulikuwa ukiahidi bomba la maji, na akina mama wakikucheka: "Mzee, hayo maneno yako tutayasonga yawe ugali?" Mshindani wako aligawa unga mlango kwa mlango. Ulishindwa hata hapa kwetu. Ukarudi, ukanyamaza, ukanyamaza mpaka tukakuzika.

Basi tukikata keki, Mheshimiwa akafika. Yule yule aliyekushinda kwa unga, sasa anatafuta muhula mwingine. Viti vilikuwa vimejaa. Kibet wangu akaliondoa koti lako, akapangusa kiti kwa kiganja: "Karibu, mkubwa." Akaketi. Baadaye akashika maikrofoni, akatuzawadia tanki la maji lililochorwa uso wake. Watu waliolia kaburini kwako walipiga vigelegele. Mama aliangalia sahani yake.

Nilipomuuliza Kibet, alinishika mikono. "Mpenzi, mzee harudi. Na sisi tunataka maji." Hakusema kwa ubaya, Baba. Hapo ndipo panaponiuma. Majirani wanakuja na mitungi, wanachota, na kila mmoja anajua atakachodaiwa siku ya kura. Kibet amepewa fulana za kugawa. Mimi nimeletewa leso ya kujifunga. Bomba halijafika, na halitafika. Likifika, tanki litamfaa nini Mheshimiwa?

Natafuta wa kumpigia kura, simwoni. Wanaozunguka wote wamebeba unga.

Lala, Baba. Nakuahidi hivi: siku hiyo nitapanga foleni na koti lako mwilini, na yule hataipata kura yangu, hata Kibet akininunia mwezi mzima, na akininunia nitalia sana. Koti nimeshalifua. Nimelifua kwa maji ya tanki lake. Mengine hayakuwepo.

Binti yako,
Jepkorir