Kesi ya Ukungu Imesimama, na Sufuria ya Mama Mkwe Nayo

Kwako Shangazi Halimo,

Nisikilize hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza. Mimi ni mama wa Kikongo, nimeolewa na Valère, tuna binti mmoja, Précieuse, ambaye kifua chake kinapiga filimbi tangu tuhamie nyumba hii yenye ukungu mweusi ukutani, na tulipolalamika, ofisi ya nyumba ikatuma kijana mmoja ambaye hakulitazama hata paa, alinusa tu sufuria ya sombe, kisamvu chetu, ya mama mkwe wangu, Mama Jeanne, iliyokuwa inachemka tangu asubuhi, akasema, “It’s lifestyle, madam,” yaani mvuke wa mapishi yetu ndio unaoleta ukungu, nami kwa hasira nikaomba wanionyeshe ripoti zote walizowahi kuandika juu ya paa lile, kwa kuwa ni ofisi ya umma na raia ana haki ya kuziona, wakakataa, nikawashtaki.

Sasa Shangazi, wakati nikingoja haki, nilimwambia mama mkwe kwa heshima zote asipike tena chochote cha kuchemka muda mrefu humu ndani, sombe wala maharage, mpaka ripoti zitoke tujue mkosaji ni paa au ni yeye. Akanijibu, “Miye nilipikaka sombe miaka yote kule Uvira, na ukuta yetu haikuotaka ndevu.” Akajifunga kitenge chake, na tangu mwezi wa tisa anapanda basi na sufuria yake mpaka mtaa wa Castle Vale, anapikia kwa rafiki yake wa kanisani na kula huko huko.

Mwezi uliopita hakimu akaisimamisha kesi yangu. Jirani wa chini, Ranjit, naye ameishtaki ofisi hiyo hiyo kwa dari lake lililoanguka, naye anadai ripoti za paa hilo hilo, na hakimu anasema ripoti zinazogombaniwa ni zile zile, basi yangu ingoje ya Ranjit iishe, na huenda ikachukua mwaka. Valère akatangaza kanisani kwamba kesi imesimama, watu wakadhani imesimama imara, wakapiga vigelegele, ikabidi nami niinuke nipunge mkono. Hapa nyumbani nafuta ukuta wa chumba cha mtoto kila Jumamosi, na kabla ya Ijumaa umekuwa mweusi tena. Valère anataka mama yake arudi jikoni leo, mimi namwuliza, tutajuaje kwamba si yeye na ripoti hazijatoka? Na sasa mama amefunga mizigo, Jumapili anahamia kwa mwanawe mwingine Leicester, na Précieuse ananiambia, “Bibi didn’t even do anything, Mum,” eti bibi hana kosa lolote.

Shangazi, nimpinge hakimu au ningoje?

Mama Précieuse, Birmingham

*

Mama Précieuse,

Pole kwa kifua cha mtoto, hilo halina utani. Kesho umpeleke kwa daktari, na uhakikishe daktari ameandika habari za ukungu. Sasa kaa chini nikugombeze kama ulivyotabiri.

Hakimu hakukuonea, usimpinge. Kesi ya Ranjit inaweza kuzitoa ripoti hizo bila wewe kutoka jasho. Lakini mwombe mambo mawili, kwa maandishi. Aweke tarehe ya kuitazama tena kesi yako, maana Ranjit na ofisi wakipatana kimyakimya, ripoti zitabaki kabatini na wewe utabaki mlangoni. Pia aiamuru ofisi isitupe hata ukurasa mmoja. Halafu teremka ngazi ukanywe chai na Ranjit, mnagombana na mtu mmoja.

Hayo yalikuwa mepesi. Hakimu amesimamisha kesi, wewe umemsimamisha mama wa watu, tena kwa neno la kijana aliyenusa sufuria. Unaishtaki ofisi kwa kukuficha ushahidi, na nyumbani kwako umehukumu bila ushahidi wowote. Ofisi hiyo ingekuajiri kesho!

Na ushahidi unao, bibie. Soma barua yako mwenyewe. Tangu mwezi wa tisa hakuna sombe iliyochemka humo, na kila Ijumaa ukuta ni mweusi. Mvuke huo unatoka kwa nani, kwa malaika? Umemfukuza mama jikoni na hapo hapo ukamsafisha jina, ila hukutaka kuona. Nadhani huogopi kwamba ripoti zitachelewa. Unaogopa zitakapofika, maana siku hiyo itabidi useme samahani, na hakimu amekuongezea mwaka mzima wa kutoisema. Imeniuma kusoma habari za mama mzima akibeba sufuria kwenye basi.

Najua sasa umeshashtuka kwamba Mama Jeanne, aliyeacha kupika na ukungu ukabaki, ndiye shahidi bora kuliko wote, wako na wa Ranjit, na mdomo unakuwasha umwambie. Umeze. Nenda Castle Vale kabla ya Jumapili. Usimwambie “kama nilikukosea.” Ulimkosea. Omba msamaha, umbebee sufuria mpaka nyumbani, na njia nzima usitaje paa, Ranjit wala hakimu. Mambo ya ushahidi yangoje. Hiyo ndiyo kesi ya kusimamisha, mpaka hii ya mama iishe.

Shangazi Halimo