Pingili Tatu za Mkanda wa Teroy

Bandarini Iloilo,
Jumapili, baada ya misa ya asubuhi.

Wifi yangu mpendwa Salvacion,

Pokea salamu zangu nyingi, zivuke maji zikukute hapo Bacolod ukiwa mzima wewe na mumeo, na mwanenu Nonoy huko chuoni kwake. Nimeambiwa magoti yamekuanza tena. Pole sana. Yakande kwa maji ya moto yenye tangawizi, na acha kupanda zile ngazi za kanisa kwa ubishi, Mungu anasikia hata ukiwa chini. Mimi ni mzima wa afya. Nakula, nalala, na ule mguu uliovimba wakati wa matanga umerudi kuwa mguu. Mgahawa unakwenda vizuri. Watu wa meli bado wanapenda batsoy yangu ya tambi na utumbo, na supu haijawahi kulala sufuriani. Kaburi la mdogo wako Teroy nimelipaka chokaa mwezi uliopita, na mshumaa siukosi.

Sasa wifi, tusizungushane. Ujumbe wako niliupata kwa yule mama wa dagaa anayevuka kila Alhamisi. Alinieleza mbele ya wateja, na kwa sauti, kama ulivyomtuma bila shaka. Eti umesikia nimeonekana nimevaa blauzi ya buluu, saa ya mdogo wako iko mkononi mwangu, na mwaka wa msiba haujaisha. Eti unauliza nimepata bwana gani.

Lisemwalo lipo. Blauzi ni ya buluu, saa ni ile ile, na mwaka kweli haujaisha. Aliyekupelekea habari hakukosea hata rangi. Amekosea hapo kwenye bwana tu. Bwana sina, na nikimpata nitakuandikia mwenyewe, usihangaike kulipia wapelelezi.

Nakumbuka siku ya arobaini vizuri kuliko unavyodhani. Tulikuwa tumemaliza sala, watu wanakula, ukaiinua saa ya Teroy kutoka mezani penye picha yake. Mkanda ukaning'inia. Ukacheka wewe kwanza kabla wageni hawajacheka, ukasema ona aibu hii, saa ya injinia wa meli inaning'inia kama tambi. Kisha ukanipa amri, mimi niliyekuwa nabeba sahani, kwamba niipeleke mjini kwenye lile duka la saa lenye vioo, ing'arishwe mpaka mtu ajione uso, mkanda ukazwe au utupwe uwekwe mwingine, ili siku ya kuvua nguo nyeusi Nonoy akabidhiwe mezani. Ukasema saa ikae kwenye damu. Ulilisema neno hilo ukinitazama tumbo, wifi. Nililiona jicho lako. Miaka yote ya ndoa bila mtoto, jicho hilo nalijua kama najua mlango wa nyumba yangu.

Siku ile nilikujibu kwa adabu tu, kwamba mila ya kwetu ni moja: cha marehemu hakiguswi mpaka mwaka uishe. Mila ile ni wewe uliyenifundisha. Lakini kweli ni kwamba nisingeupeleka hata kama mwaka ungekuwa umeisha. Wewe unaona mkanda uliochakaa. Mimi nilikuwa nausikia. Teroy alipokuwa akirudi likizo, kabla sijamwona nilisikia mkono wake kwenye ngazi, cha-cha-cha, zile pingili zikigongana. Aliinunua saa ile Kobe kwa mshahara wake wa kwanza, akiwa kijana wa kupaka mashine mafuta. Mkanda ulimng'oa vinyweleo vya mkono, akatukana, akaendelea kuuvaa. Mafuta ya injini, chumvi, jasho, vyote vimepita pale. Ulegevu ule ni miaka yake yote ya kazi. Nani ana haraka ya kuufuta?

Kwa hiyo nilianza kuivaa. Ndiyo, tangu mwezi wa pili wa msiba, chini ya mkono mrefu wa nguo nyeusi. Ilinipwaya mpaka karibu na kiwiko, lakini nilikuwa na sauti yake ndani ya nyumba. Sikuvunja mila kwa hasira, niliivunja kwa upweke. Ukitaka kunihukumu, anzia hapo.

Ikaendelea hivyo mpaka siku ya supu. Ilikuwa saa ya mchana, meli ya Cebu imefunga gati, mgahawa umejaa. Niko juu ya sufuria kubwa nateka, mara nikahisi mkono umekuwa mwepesi. Nikasikia chubwi! Nakuapia, wifi, saa ilikuwa imezama. Nilitaka kuingiza mkono mle ndani, supu inachemka, yule msichana wangu wa kazi, Nilda, ndiye aliyenishika. Tuliiopoa kwa kijiko kikubwa, imejiviringisha tambi na kipande cha utumbo, na inatembea! Haikukosa hata sekunde. Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Abelardo, msimamizi wa abiria kwenye ile meli, akapaza sauti akasema na yeye aletewe bakuli lenye saa, asiletewe la kimaskini. Mimi nikacheka nikiwa nalia, na sikujali nani anatazama.

Pini moja ya mkanda ilikuwa imekatika. Basi nikajikuta mbele ya jambo ambalo nilikuwa nalikwepa, kuutengeneza au kuiweka saa kwenye droo.

Sikwenda kwenye duka lako la vioo. Nilikwenda kwa Gorgonio, yule fundi saa mwenye kijimeza chini ya nguzo za mtaa wa Calle Real, aliyekuwa akimbadilishia Teroy mpira wa kuzuia maji. Aliishika saa kwa ubavu, akauacha mkanda ulale hewani wenyewe. Ukainama mpaka ukagusa meza. Akatingisha kichwa. Akanieleza kwamba uchafu wa injini ukiingia kati ya pingili hufanya kazi ya msasa, pini zinakuwa nyembamba kiunoni, matundu yanakuwa kama yai. Kuung'arisha hakusaidii kitu, alisema, kunakula chuma tu na kufuta kingo, halafu mkanda unabaki vile vile mlegevu ila unameta. Nilifurahi kusikia hilo, nisikufiche.

Nilimwuliza kama basi anashauri niutengeneze. Akasema yeye hashauri, anauliza. Akaniuliza, "Utaivaa au utaiweka, mama? Kama unaiweka, usiuguse, hata ukiwa umelegea vipi, hakuna mkono unaoudai. Kama unaivaa, ukazwe leo. Wengine hungoja mpaka saa iko baharini." Kisha akachukua saa nyingine ya mtu mwingine akaendelea na kazi yake, kama vile hajanipiga kofi.

Nilirudi nyumbani na saa kwenye leso na swali hilo kichwani. Utaivaa au utaiweka? Wewe, wifi, ulitaka iwekwe. Iwekwe mezani, ing'ae, ikabidhiwe kwa hotuba. Na mimi ulitaka niwekwe pia, tuseme ukweli. Niwe mjane wa ukoo wa Garingalao, nilinde nyumba, niwashe mishumaa, niwapikie mnapokuja kuzuru kaburi, nizeeke kwa heshima. Kitu cha marehemu ambacho hakiguswi. Sitaki!

Kesho yake nilimpelekea Gorgonio. Nikamwambia aweke pini mpya, azibe matundu na kuyatoboa upya, akaze kila mahali. Nikamwambia asiung'arishe hata kidogo. Pale kwenye kifungo kuna bonde, Teroy aligonga mlango wa chumba cha injini siku ya dhoruba, nikamwambia akilifuta bonde lile simlipi. Halafu akanipima mkono. Ndiyo. Amenipima mimi. Pingili tatu zimetolewa, na sasa saa imenikaa sawasawa. Hailii tena ninapotembea. Siku ya kwanza niliukosa ule mlio nikalia mimi, nikalia hasa, mpaka Nilda akafunga mlango wa mgahawa. Siku ya pili nikavaa blauzi ya buluu.

Na hapa ndipo penye habari yenyewe, wifi, mengine yote nilikuwa nasafisha njia. Abelardo hakuja siku ile kucheka tu. Mpishi wao mkuu ameacha kazi, na Abelardo alirudi jioni kuniuliza kama batsoy ile ingeweza kupikwa juu ya maji. Nimekubali. Nimeshapimwa afya, nimeshapita mafunzo ya kuogelea na kuzima moto, mwanamke wa umri wangu, nimeruka majini nikiwa na boya la rangi ya machungwa huku vijana wakinipigia makofi. Meli inaondoka Jumatano kwenda Cebu na Manila, na mimi ndiye mpishi wake. Mgahawa atabaki nao Nilda. Nyumba nimeifunga, ufunguo ninao mimi.

Najua unachotaka kusema. Misa ya kufunga mwaka itakuwaje bila mjane? Kama meli imefunga Iloilo, nitakuwa kiti cha mbele. Kama haijafunga, nitawasha mshumaa jikoni kwangu, mahali penye moto siku zote. Baba yenu alipozikwa, Teroy alikuwa Brazil, meli yake inapakia soya. Nilisimama pale kaburini peke yangu kwa niaba yake, na ni wewe uliyewaambia watu kwamba kazi ni kazi, meli haingoji msiba. Wote wakaitikia. Basi na leo haingoji. Au kazi ya mwanamume ni kazi, ya mwanamke ni utoro?

Miaka yote ile nilisimama kwenye gati nikimpungia mtu. Nimechoka kupunga. Safari hii atakayetaka kupunga apunge, anayeondoka ni mimi.

Ningeweza kukudanganya, wifi. Ningeweza kukuandikia kwamba usiku wa mwisho Teroy alinishika mkono akanivisha saa, akanambia Vina wangu, ivae, nenda. Nani angebisha? Ungelia, ungenisamehe, ungewasimulia watu kanisani. Lakini hakusema neno. Ugonjwa ulimkamata ulimi tangu siku ya kwanza, unajua, ulikuwepo. Hakuniusia saa, hakuniusia bahari, hakunikataza pia. Nimeamua mwenyewe, kwa akili zangu timamu, na siombi ruhusa ya aliye hai wala ya aliyelala.

Ndani ya bahasha hii utakuta pingili tatu zilizotolewa. Gorgonio alitaka kuzisafisha nikakataa. Ukizipinda utaona weusi kwenye viungo, hiyo ni grisi ya meli zake, na jasho lake, na hiyo damu uliyokuwa unaitafuta, pengine na hiyo ipo, maana mkanda ulimkwaruza sana. Mbili ni zako, Teroy ni mdogo wako, siwezi kukunyima. Ya tatu mpe Nonoy. Mwambie saa ya mjomba haipo, lakini Kobe bado ipo, na mshahara wa kwanza atakaopata ni wake. Yeye mwenyewe alishaninong'oneza kwamba anataka saa ya kisasa inayohesabu hatua, akanisihi nisikwambie. Nimekwambia.

Haya, wifi yangu mkorofi, mimi ndiye huyo huyo niliyekusuka nywele siku ya ndoa yako ya pili, na bado nakupenda pamoja na mdomo wako. Msalimie mumeo. Msalimie na mama wa dagaa, umwambie nimevaa buluu na leo pia, asije akachoka bure kuvuka. Ukisikia honi ya meli ya Cebu Jumatano jioni, inapita karibu na kwenu, toka nje usimame barazani.

Ni mimi wifi yako, mke wa Teroy, mpishi wa meli,

Ludivina Garingalao