Mia Moja kwa Kila Jembe

Mwaitu,

Nilikupoteza, mama yangu, mwezi wa tatu, wiki sita kabla ya hukumu. Hukungoja. Bado nimekukasirikia kidogo, lakini leo nimekaa hapa hotelini kwangu, sokoni Kabati, chai imeisha, wateja wameenda, na moyo umetulia. Tulishinda.

Ile shule iliyonifukuza jikoni bila notisi baada ya miaka tisa imelipa. Mshahara wa mwezi mmoja wa notisi, mia sita. Miezi miwili waliyonishikia, elfu moja mia mbili. Likizo za miaka minne ambazo sikupewa, elfu mbili mia nne. Jumla elfu nne mia mbili. Karani wao alizihesabu polepole kama mtu anayeng'olewa jino.

Unakumbuka siku wakili alipotaja ada yake, elfu mbili mia nne, nusu mbele? Mimi nilitazama sakafu. Wewe uliuliza kama ule mteremko ng'ambo ya mto ni shamba lake. Akasema ni lake. Ukamwambia, "Udongo wako unaenda na kila mvua. Sisi tuna majembe." Nilidhani atatufukuza. Akakubali. Jumatano nne kikundi chako cha mwethya, cha kusaidiana kazi, kilichimba mitaro kwake, wanawake kumi na wawili na wewe, mkiimba, mkivicheka viatu vyake. Akaniandikia risiti: elfu moja mia mbili, imelipwa kwa kazi.

Sasa sikia. Pesa za shule zilipofika kwake alikata nusu yake iliyobaki, akanipa elfu tatu. Lakini nilikuwa nimemsikia hakimu akisema shule ilipe pia gharama za kesi, elfu moja mia tano. Nikauliza ziko wapi. Akaanza kunieleza kwamba ada ni mapatano yangu na yeye, na gharama ni zile korti inamwambia aliyeshindwa arudishe. Nikamuuliza, "Arudishe kwa nani? Mimi ndiye niliyelipa." Akacheka, akafungua droo. Ungekuwepo, Mwaitu. Nilitoka pale na elfu nne mia tano, nikaanza kukimbia nikuambie. Nilifika kwenye kona ya posta ndipo nikakumbuka.

Neno langu ni hili. Ile elfu moja mia mbili ya mitaro imerudi mkononi mwangu, na si jasho langu. Nataka kumpa kila mama shilingi mia. Kalunde, uliyemwachia kikundi, amekataa. Anasema ulikuwa ukisema mwethya haulipwi, na nikitoa pesa nimewafanya vibarua. Lakini wawili wamenivuta kando wakaniambia karo inawasumbua. Nikiwalipa, nimekutukana. Nisipowalipa, nimewala. Hesabu hii imenishinda, na unajua hesabu hazinishindi.

Lala vizuri, Mwaitu. Kaburi nimelizungushia mawe, mazuri. Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya, hata nisipopenda. Lakini usinijie na ile ndoto yako ya kusimama mbali ukitabasamu. Kikundi kinakutana Jumatano asubuhi. Nataka ndiyo au hapana kufikia Jumanne jua likitua. Ukinyamaza, nitaandika kwamba umekubali niwalipe.