Nadhiri Uliyoniwekea

Keko, Temeke,
Dar es Salaam.
Novemba 1975

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naitanguliza shikamoo hii peke yake ije ikupigie magoti, halafu mengine yafuate nyuma. Natumaini barua inakukuta mzima, lile goti limepoa, na mihogo mliyopanda kwenye shamba jipya la kijiji imeshika. Huku sie tunaendelea. Hakuna aliyelala kitandani, ila uchovu umekuwa kama mpangaji mwenzetu, halipi kodi na wala hahami.

Barua yako nimeipata. Nimeziona herufi zako, Mama! Tangu nije Dar es Salaam barua zako zote zilikuwa na mwandiko wa Mjomba Albano, na zangu zote ni yeye aliyekusomea. Sasa nafungua bahasha nakuta, Adelina mimi ni mama yako, naandika mwenyewe, mwalimu wa kisomo cha watu wazima ananisifu, Samweli ameacha ziwa? Nililia nikiwa nimesimama pale pale mlangoni. Leonardi aliichukua akaenda kuwaonyesha mafundi wenzake, na mmoja akamwambia eti mama mkwe wako anamzidi mwandiko katibu wetu wa tawi.

Kwa kuwa sasa unajisomea, nakuomba hii uisome ukiwa peke yako. Nimeandika herufi kubwa kubwa makusudi ili usilazimike kumwita mtu. Ukichoka pumzika, kisha uendelee, lakini usimpe Mjomba mpaka umeimaliza.

Habari za hapa ni zile zile. Leonardi bado yuko kwenye useremala, mbao nzuri hazipatikani, wanatengeneza madawati ya shule kwa mbao zinazotoa utomvu mpaka mashati yanasimama yenyewe. Tunakula ule unga wa njano. Mwanzoni Samweli alikataa, akasema ugali umepakwa rangi, sasa amezoea. Mie naenda kwenye kikundi cha akina mama cha ushonaji, tunashona sare za shule, na cherehani yangu ni ya miguu. Nikitoka hapo nina foleni ya sukari, nikitoka foleni nina ndoo za maji, na bomba letu linatoa maji linapojisikia. Jioni nikikaa chini nasikia miguu bado inakanyaga cherehani.

Mjukuu wako amekuwa mrefu. Anashinda kwenye takataka za randa za baba yake, ana kipande chake cha mbao anachokiita gari la Mtwara. Maneno yote anayo. Nikiwa kwenye cherehani alikuwa anakuja, anasimama pembeni yangu na kuniambia Mama, ukimaliza mshono huo, nipe ninyonye. Alikuwa ananyonya amesimama, mkono mmoja umeshika lile gari lake. Siku moja aliacha akanitangazia mbele za watu kwamba leo hayatoki, limekauka kama bomba.

Mama Shomari, mwenye nyumba wetu, mwanamke wa Kizaramo mwenye mdomo lakini mwenye huruma, alikuwa hanipi nafasi. Aliniambia huyu mtoto ataitwa JKT na atamwomba afande ruhusa aje anyonye. Siku nyingine akasema kwao imeandikwa miaka miwili kamili, basi, na kwamba nyie Wakristo mmeandikiwa mingapi, au mnangoja aote ndevu? Tulicheka wote. Mie nilicheka, lakini sikumjibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na lilikuwa halisemeki.

Naomba nikukumbushe kidogo, si kwamba umesahau. Nilikaa kwa Leonardi miaka minne bila mtoto. Wifi yangu Sesilia alikuwa akija hapa anazunguka chumba chote kwa macho, kisha ananiuliza kama kaka yake alinileta mjini nilee cherehani. Habari zikakufikia. Ukatembea kwa miguu mpaka misheni, na baada ya misa ukasimama mbele ya watu wote ukasema Adelina akijaliwa mtoto wa kiume, atatolewa kwa Mungu kama Hana alivyomtoa mwanawe nabii Samweli, na siku atakapoachishwa ziwa atakabidhiwa mikononi mwa Mjomba Albano, katekista wenu, akue kanisani. Mie nilikuwa huku. Niliisoma nadhiri yangu kwenye barua, imekwisha kuwekwa, na hata jina la mtoto limekwisha kuchaguliwa. Najua ulifanya kwa mapenzi. Najua miguu ilikuvimba kwa safari ile. Na alipozaliwa nilisema asante, nikambatiza Samweli kama ulivyotaka, kwa sababu siku ya kuachishwa ziwa niliiona iko mbali kama Ulaya.

Mwezi wa saba Mjomba alikuja, unajua. Alikaa nasi wiki nzima, na kusema kweli alikuwa mgeni mwema, aliteka maji, alimchongea Samweli magurudumu ya gari lake. Kila jioni alimweka magotini akamsimulia nabii Samweli, jinsi alivyokaa hekaluni, alivyofungua milango asubuhi, alivyovaa vazi la kitani kama kuhani mdogo. Akamwambia nawe utapiga kengele yetu, tumeihamishia kijiji kipya, na mkeka wako nimekwisha kuutandika. Mtoto alifurahi kweli kweli kwa ajili ya kengele. Kisha akauliza, na mama yake yule Samweli alilala upande gani? Mjomba akamjibu kwamba mama yake alikuwa kwake nyumbani, anakuja kumwona mara moja kwa mwaka. Samweli akafikiri, akamwambia Mjomba kwamba basi yule hakuwa mama, alikuwa mgeni. Mjomba alicheka sana. Mie nilijifanya kwenda kupuliza mkaa.

Alipoondoka niliazima Biblia ya Elinaza, yule Mlutheri ninayeshona naye, nikakisoma chote kitabu cha nabii Samweli mwenyewe, mistari michache kila nilipopata kukaa. Nilitaka kujua tumeahidi nini hasa. Mama, nilikwama kwenye kanzu. Imeandikwa kwamba kila mwaka mama yake alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Watu wanapita hapo haraka. Mie kushona nguo za watoto ndiyo kazi yangu. Nampima mtoto leo, sare ikichelewa kidogo tu mkono umekwisha kupanda. Sasa yule mama alikuwa anakata kitambaa cha mtoto ambaye hajamwona mwaka mzima. Alikuwa anakisia. Alikaa na mkasi mkononi akikisia urefu wa mwanawe mwenyewe.

Nikaendelea kusoma. Yule mzee Eli aliyempokea, watoto wake wa kuwazaa walimshinda, walikuwa wanapora nyama za sadaka. Na Samweli naye, mtu mkubwa kiasi kile, aliyewapaka mafuta Sauli na Daudi, alipozeeka watoto wake walikula rushwa mpaka watu wakamwambia usoni kwamba wanawe hawafuati njia zake. Sisemi ni kosa lake. Nauliza tu, nani alimwonyesha baba anavyokuwa? Nilimweleza Leonardi, akaweka randa chini, akasema nisigombane na nabii. Nikamwambia sigombani naye, namhurumia. Leonardi akasema yeye hana kauli. Unajua kwetu kusini, watoto ni wa upande wa mama, mjomba akinyoosha kidole ndiyo imekwisha. Aliniambia yeye ni kama mpangaji kwa watoto wake mwenyewe. Na tena anaogopa. Samweli alipougua surua mwaka jana, baba yake alisema pengine tunakumbushwa deni.

Sasa Mama nifike kwenye lenyewe, maana mkono umeanza kuchoka na nisipolisema leo sitalisema.

Kila ulipouliza kama ameacha ziwa, nilijibu bado. Ilikuwa kweli bado. Lakini si yeye aliyekuwa hataki kuacha. Ni mie. Tangu alipopita miaka miwili alikuwa anasahau mwenyewe, anashinda anacheza bila hata kuniangalia, na mie nilikuwa natoka uani namwita, Samweli, njoo unyonye. Nilikuwa namtoa kwenye mchezo wake, mpaka akazoea kuja kuomba mwenyewe. Nilisema moyoni, madhali ananyonya, siku haijafika. Wenzake wote wameacha, wengine wamepata wadogo zao wawili, na mie bado nakaa na jitoto linalogusa ardhi kwa miguu, maziwa yenyewe matone, mgongo unauma, na kila asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Uliponiuliza kwa nini Mjomba alinikuta nimekonda nilikuandikia ni unga wa njano. Haukuwa unga.

Mwezi wa tisa nilianguka kwenye cherehani. Akina mama walinipeleka kliniki, na nesi aliponipima akasema damu imepungua na tumboni mna mtoto. Ndiyo Mama, nina mimba, na inaendelea salama hadi leo. Nesi alipomwona Samweli anapanda mapajani na kufungua vifungo vyangu, alinifokea mbele ya foleni nzima, akaniuliza nalisha wangapi, na nataka kumzika nani kati yao. Niliona aibu, lakini alisema kweli.

Mama Shomari akaniletea shubiri. Mchana mmoja nilikaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, nikajipaka, nikamwita kama nilivyozoea. Akaonja, akakunja uso, akanitazama machoni. Hakulia. Akavuta pindo la kanga yangu akanifuta taratibu, kama ninavyomfuta yeye kamasi, akajaribu tena. Bado chungu. Basi akanipapasa begani, akaniambia pole Mama, limeharibika. Akachukua gari lake akaenda kucheza. Hajaomba tena mpaka leo. Mie ndiye niliyebaki pale nikilia, na Mama Shomari, aliyekuja na mdomo wake tayari kwa mzaha, alikaa tu kando yangu.

Kwa hiyo jibu la swali lako, Mama, ni ndiyo. Samweli ameacha ziwa. Na jibu la lile ambalo hukuuliza kwa sababu ulijua limekwisha, ni hapana. Haji.

Sisemi kwa ujeuri. Ninaogopa. Usiku uliofuata baada ya kuamua nilimgusa tumboni huyu mwingine mara nyingi, nikingoja adhabu. Najua pia ulisimama mbele ya watu, na watu wale wale ndio mliohamishiwa nao kijiji kimoja, nyumba mkabala na nyumba, hakuna pa kujificha. Watakuuliza. Wewe waambie binti yangu amekataa. Usiseme mtoto mgonjwa, usiseme nauli hakuna. Sema Adelina amekataa, aibu ije kwangu. Yule mama wa kwenye Biblia alisema kwa midomo yake mwenyewe, alimtoa wa kwake, na uchungu ukawa wake. Mie sikuahidi, Mama. Uliahidi wewe, na uliyemtoa ni wangu.

Mjomba ameandika kwamba baada ya Krismasi anakuja kumchukua. Aje. Atapewa maji ya kuoga, atalalia kitanda chetu sie tulale chini, na Leonardi atamchinjia jogoo. Nitampigia magoti kama mjomba wangu. Nikiwa nimepiga magoti hivyo hivyo nitamwambia hapana. Leonardi nilimweleza juzi. Akaniuliza kama anaweza kuanza kumtengenezea Samweli kitanda, maana alikuwa anaogopa kukitengeneza.

Na huyo Mungu uliyemwahidi, simnyimi. Kama anamtaka, jina lake analijua, na Keko anaijua, kelele za misumeno hazimzuii. Yule nabii naye aliitwa usingizini, hakujua ni sauti ya nani, akaamka akamkimbilia aliyekuwa karibu naye. Wangu akisikia anaitwa, atakimbilia kwangu. Nitamuuliza mara ya kwanza, nitamuuliza na mara ya pili, maana usingizi wa mama mchovu ni mzito. Lakini nikiona kweli si mie niliyemwita, nitamwamsha vizuri, nitamnawisha uso, na nitamwambia mwanangu aitike.

Msalimie Mjomba kwa heshima zote, na majirani zako, na huyo mwalimu wa kisomo mwambie namshukuru. Leonardi anakupa shikamoo. Samweli anakupa shikamoo mbili, moja yake na moja ya huyu aliyemo tumboni, anasema huyo bado hajui kusema. Nijibu utakapoweza. Hata ukinikasirikia, nijibu.

Ni mie mwanao, uliyenilea kwa mikono yako mwenyewe,

Adelina.