Kufunga Orodha kwa Akaunti ya Maziwa

Jumatatu, 9 Februari
Wiki ya tatu ya ndoa. Nimepokea maziwa kituoni Nduruma huku natabasamu peke yangu. Mlima Meru umejaa mawingu, mzuri. Elia, mume wangu, ndiye aliyetuwekea mfumo wa Linux kwenye kompyuta ya kituo. Kila asubuhi hufunga orodha ya maziwa, kisha akaunti iitwayo "maziwa" huituma kiwandani yenyewe. Isipofika, kesho yake gari la kuchukua maziwa haliji. Hata anavyobonyeza vitufe nampenda.

Jumanne, 10 Februari
Kesho anakwenda Karatu kikazi. Nitafunga orodha mimi. Nimemwomba neno lake la siri. Amekataa. Juzi tu tumeapa mbele ya mchungaji kuwa mwili mmoja. Imeniuma. Nimenuna, sitaki maelezo.

Jumatano, 11 Februari
Ameondoka. Sikumsindikiza. Neno la siri la akaunti kuu ya kompyuta, ile yenye mamlaka yote, limebandikwa ndani ya kabati la ofisi, tunalijua wote. Nimeingia nalo, nikafunga orodha. Rahisi. Simhitaji.
Uongo. Nyumba imepoa.

Alhamisi, 12 Februari
Gari halikuja. Orodha ya jana haikutoka. Tangi limejaa, na kesho maziwa yatamwagwa. Koko Namnyak, bibi mwenye ng'ombe wawili tu, kaniuliza, "Mwanangu, gari limekufa?" Nikamwamkia shikamoo mara ya pili, kwa aibu.
Nimempigia Elia. Nimekiri yote. Kacheka. "Bibi harusi, umenuna mpaka kompyuta imenuna." Orodha niliyoifunga kwa akaunti kuu imekuwa mali ya akaunti kuu. Ile akaunti ya maziwa haina ruhusa hata ya kuisoma. Akanielekeza: ingia akaunti kuu mara moja tu, irudishie akaunti ya maziwa faili lake, toka. Kisha, kwa akaunti yangu mwenyewe, niandike amri ya kufunga orodha kwa niaba ya maziwa:
sudo -u maziwa funga-orodha
Ikataka neno la siri. Langu! Alinipa ruhusa hiyo tangu Jumanne, mimi nikiwa nimenuna. Nikaandika, herufi hazionekani, nikadhani kibodi imekufa. Ikakubali.
"Ungetumia jina langu," akasema, "kazi yako nzuri ingeandikwa Elia."
Nimelia kidogo, kwa furaha.

Ijumaa, 13 Februari
Gari limefika saa tatu. Halikumwagwa hata tone. Koko kanibariki kwa Kimaasai.

Jumapili, 15 Februari
Tumetoka kanisani. Elia amesinzia kwenye kochi, simu yake kifuani. Imelia, ujumbe umeingia. Nimeitoa taratibu, nikaiweka mezani, kioo chini, nikamfunika kwa khanga yangu.