Mto Bila Daraja, huko Satellite

Sasa dada Nyambura,

Niko hapa mtaa wa Satellite, nimekula bhajia mpaka mshipi umekataa kufunga. Ile kitabu yangu ya mchezo, yenye watu wanarusha dadu wakijifanya wawindaji wa zimwi, nimeiingiza kwa mashindano. Majaji ni mashabiki wenyewe. Ukichapisha kitabu unaileta, unakaa kando, wanaicheza. Ukifungua mdomo umetolewa. Na unanijua!

Kwa mchezo, zimwi ikawafukuza hao majaji hadi mtoni, wakakwama. Hapo ndio nikajua nilisahau kuchapisha ukurasa ya daraja. Nikainuka. Harjit, mwenye kuendesha mchezo, akasema, "Mzee, kaa ama uende nyumbani." Nikakaa, nikajaza mdomo bhajia.

Mama mmoja kati ya majaji akasema, "Si basi tuipikie chai?" Wakarusha dadu, zimwi ikakunywa, ikawavusha mgongoni. Walicheka mpaka soda zikamwagika.

Dada, nimeshinda! Harjit anasifu vile niliacha mto bila daraja ndio watu wajipange. Akaniuliza hiyo akili nilitoa wapi. Nikamwambia kwa dadangu, yule akichoka kupika anaambia wageni waingie jikoni wajipange.

Mkumbatie mama sana kwa niaba yangu, na ulale salama.

Kamau wako